Blanketi la Harusi Libaki Nyumbani

Kila mwaka Mei inapokaribia kwisha, barabara zinazotoka Busia, Malaba na Mutukula kuelekea Kampala hujaa watu wenye rozari mkononi na mzigo mgongoni. Wanakwenda Namugongo, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Pili. Mashahidi hao walihukumiwa Munyonyo, wakafungwa kamba na kuswagwa kwa miguu hadi Namugongo. Anayewafuata kwa miguu anafanya jambo zito na zuri. Anayewafuata kwa miguu huku amebeba blanketi la kilo 3 lenye picha ya simba dume amejiongezea mateso ambayo hakuna aliyemwomba, na mwongozo huu ni wake.

Nakuambia kwa upendo, ndugu hujaji: hija huanza kuharibika usiku. Miguu ikivimba, mwenzio atakushika mkono. Lakini ukikosa usingizi siku tatu mfululizo, rozari inageuka kuwa kazi ya kuhesabu nguzo za umeme. Na usingizi mzuri hauletwi na wingi wa mablanketi. Unaletwa na kujua adui yako yuko wapi, naye yuko chini ya mgongo wako.

1. Pima kwa mizani, usipime kwa huruma

Kanuni ya watembeaji wa safari ndefu ni kwamba mzigo wote usizidi sehemu ya 10 ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 basi ana haki ya kilo 6. Toa maji lita 2, zimebaki kilo 4. Toa nguo, chakula, dawa na kitabu cha nyimbo, utaona kwamba matandiko hayawezi kupita kilo 2. Blanketi la harusi, lile nene lililoletwa ndani ya mfuko wenye zipu, limemaliza hesabu kabla hujatia hata soksi.

Kutoka Busia hadi Kampala ni kilomita 200 hivi, yaani zaidi ya hatua 250,000, na kila kilo ya ziada itakuwa juu yako katika kila hatua. Shangazi anayesisitiza, "Beba tu mwanangu, huko kuna baridi," anakutakia mema, ila mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Pokea baraka zake, mwachie blanketi.

2. Tandika kwanza, ndipo ufikirie kujifunika

Mahujaji wengi hulala sakafuni: madarasani, kwenye kumbi za parokia, ndani ya makanisa ya vigango. Sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha. Blanketi ulilolilalia halikulindi sana, kwa sababu kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa, na uzito wako huikamua yote ikatoka. Ndiyo maana mtu hujifunika mablanketi mawili na bado akaamka kiuno kimekakamaa.

Kwa hiyo shilingi yako ya kwanza iende kwenye mkeka mwepesi wa povu gumu, wa aina wanayotumia watu wa mazoezi ya viungo. Dukani, omba ruhusa udondoshe matone mawili ya maji juu yake, kisha bonyeza kwa kidole gumba. Maji yakibaki juu na kuteleza pembeni, lipa. Yakizama, hiyo ni sponji ya godoro, na siku ya mvua utavuka mpaka umebeba nusu ya Mto Nzoia.

Ukishalipa, chukua mkasi. Lala chali juu ya mkeka, mwambie mtu aweke alama begani na chini kidogo ya nyonga, kisha kata. Kati ya alama hizo mbili ndipo mwili unapoegemeza uzito wake mwingi. Miguu itapumzika juu ya begi ulilokwisha kulitoa vitu. Mkeka wa kimo kizima huwa na gramu 400 hadi 500, na uliokatwa hivi hupungua karibu nusu. Wenzako watakucheka wakiuona. Waache wacheke hadi Iganga, ambako wataanza kukuuliza ulinunua wapi.

3. Jifunike kulingana na njia unayopita

Namugongo iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa huko mara nyingi huwa na nyuzijoto 17 au 18. Anayeanzia Busia atatosheka na shuka moja ya Kimasai, ambayo kwa kawaida haifiki kilo moja. Achague ya akriliki badala ya ya pamba tupu, kwa sababu ikilowa hukauka upesi.

Aliyeanzia Nakuru ana habari nyingine. Atapita Timboroa, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Usiku wa Timboroa basi una baridi zaidi kwa nyuzi 9 hivi kuliko wa Namugongo. Huyu namruhusu mfuko wa kulalia wa mtumba, wa soko la Gikomba kwa mfano. Asome lebo kwa makini: huwa na viwango kadhaa vya joto. Ashike kile cha juu, maana cha chini kabisa ni cha kumwokoa mtu asife kwa baridi, na hija inahitaji zaidi ya hapo. Na auache mfuko wa manyoya ya ndege, kwani ukilowa hujikunja kuwa donge na kupoteza joto lake.

Doti ya leso ni ya kila mtu, wanaume mkiwemo. Leso moja ni shuka ya ndani, taulo, pazia la kubadilishia nguo na kombeo la mkono ulioteguka. Funga sweta ndani yake, umepata mto. Ule mto wa nyumbani wenye maua ya kudarizi uache ulale kitandani kwako.

4. Mvua na mbu hawajui kama uko hijani

Mwishoni mwa Mei mvua za masika bado zinaweza kunyesha. Usitegemee mfuko wa plastiki wa dukani: Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Zungushia matandiko yako turubai jepesi kabla ya kuyatia begini. Usiku turubai hilohilo huwa chini ya mkeka, likizuia umande na unyevu wa ardhi.

Chandarua chenye dawa usikiache hata kama begi limejaa. Mbu wa malaria huuma usiku, na hakuna sala inayomzuia mbu aliyekuta mguu uko wazi. Beba kamba ndefu ya kukifungia kwenye nondo za madirisha, na ukitundike mbali na ngozi yako, kwani mbu huuma kwa kupitia matundu.

5. Gawaneni

Hapa ndipo kikundi cha jumuiya kinapoonyesha faida yake. Turubai la watu wanne halihitaji kubebwa na watu wanne. Mmoja abebe turubai, mwingine chandarua cha watu wawili, wa tatu kamba na dawa. Usiku wa kuamkia sikukuu ya mashahidi uwanja wa Namugongo hujaa watu bega kwa bega. Mwenye tandiko dogo huko ndiye tajiri, kwa sababu ana nafasi ya kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni, "Karibu hapa." Mwenye godoro amekwisha jaza nafasi yake na ya jirani.

6. Fanya jaribio sakafuni kwako

Wiki mbili kabla ya kuondoka, ondoa zulia sebuleni, tandika vyote utakavyobeba na ulale hapo hadi alfajiri. Watoto watashangaa, nawe waeleze unakwenda wapi na kwa nini. Ukiamka na baridi kiunoni, ongeza kitu chini yako, si juu yako. Ukiamka na jasho, toa kitu. Rudia mpaka ulale usiku mzima, kisha rudisha vyote kwenye mizani. Vikipita kilo 2, ulizia ni nani katika kikundi ameshabeba hicho unachotaka kubeba.