Mwongozo wa Kunadi Vyombo vya Mgahawa Uliokufa

Kwanza pokea pole zangu. Mgahawa umekufa, mpishi kahama na daftari la wadaiwa, na mwenye nyumba kaweka kufuli lake juu ya lako. Sasa futa machozi tufanye kazi. Mle ndani bado kuna mali, na Dar es Salaam haijawahi kupungukiwa watu wanaoamini kwamba kuuza chipsi ni kazi rahisi.

1. Chagua kifo kinachouza. Usitamke kwamba wateja hawakuja. Andika kwenye tangazo: "Mwenye mali anasafiri." Anakwenda wapi? Hakuna atakayeuliza, ukibanwa, sema Oman.

Mwenye roho ngumu ana njia bora zaidi: ajifanye mjinga. Kila anayekuja mnadani anapanga kufungua mgahawa, na ameshaamua moyoni kwamba wewe ulishindwa kwa sababu hukuijua biashara. Usimbishie. Mwambie kwa huzuni kwamba mshikaki wako ulikuwa na vipande vinne vya nyama. Utaona macho yanavyong'aa: yeye ataweka vitatu! Mtu wa namna hiyo hakagui kompresa.

2. Tenga visivyo vyako. Ile friji ya kioo yenye nembo ya soda uliazimwa na kampuni ili uuze soda zake, na mkataba uliusaini mwenyewe ukidhani ni risiti ya mzigo. Viti vyenye nembo ya bia navyo viulizie kwanza. Lakini usiviondoe ukumbini mapema. Vibandike karatasi iliyoandikwa "IMEUZWA." Hakuna kinachomwasha binadamu kama kitu ambacho mwenzake amekiwahi.

3. Osha uso. Rangi ya silva ya kupuliza ni rafiki wa muuzaji: kopo moja linafufua meza ya jikoni iliyoliwa na kutu tangu mvua za masika. Iite stenlesi kwa sauti kubwa. Adui yako hapa ni mzee mmoja mkimya mwenye sumaku mfukoni. Anajua kwamba stenlesi nzuri ya jikoni, ile ya daraja la 304 yenye kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8, kwa kawaida haishiki sumaku. Bati lako litaing'ang'ania. Mkaribishe chai, mweke kiti cha mbali, mwite mzee wetu. Heshima ikizidi, mtu huona aibu kutoa sumaku.

4. Friza. Hapa ndipo fedha ilipo, kwa hiyo tusiharakishe. Friza likiwa zima, liwashe tangu jana yake na uache mlango wazi kidogo ili kila apitaye apulizwe na ubaridi. Likiwa bovu, amka alfajiri uende Feri, nunua barafu ya wauza samaki, ipange chini kabisa, funika kwa gunia safi. Mnada ukianza saa nne asubuhi, utakuwa na ubaridi wa kweli kabisa. Chanzo chake tu ndicho hakitajwi. Waya upitishe nyuma ya kaunta, gizani. Mngurumo utatoka kwenye feni bovu utakaloliwasha hapohapo nyuma. Harufu ya samaki? Sema ulikuwa unauza changu na kibua wabichi kila siku. Hiyo ni sifa.

Atatokea mjuaji wa kubana noti mlangoni na kuivuta: ikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Mpongeze, kisha mwombe ajaribu na noti ya elfu kumi. Macho yake yatakuwa kwenye noti, hayatakuwa kwenye mpira.

5. Mashine ya kukanda unga. Hii uliinunua kwa majivuno, uiuze kwa majivuno. Inataka fezi tatu, volti 400. Mnunuzi wako ana fezi moja, volti 230, tena anachangia mita na kinyozi. Usiseme "fezi tatu." Sema "hii ni ya kiwandani," kisha nyamaza. Atajaza mwenyewe yaliyobaki.

6. Panga mafungu. Kitu kizima kisiuzwe peke yake, huo ni ubadhirifu. Jiko zuri la gesi lifunge fungu moja na sufuria sita zisizo na mifuniko, chupa ya chai inayovuja na picha ya maporomoko ya maji. Anayetaka jiko atalipa, na wewe utaokoa nauli ya kwenda dampo.

7. Dalali na shemeji. Dalali awe na leseni. Hilo halina mzaha, na nyundo ya mtu asiye na leseni itakupeleka mbali kuliko Oman. Ukumbini utataka mtu wako wa kupandisha dau. Sheria ya mauzo ya bidhaa, ile tuliyoirithi kwa Waingereza, inasema mauzo hutimia nyundo inapogonga, na kwamba muuzaji akipandikiza mtu wake bila kutangaza, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Kwa hiyo ukimtumia shemeji, asije na shati la sare ya harusi yenu.

Hatari kubwa ya shemeji, hata hivyo, haiko kwenye sheria. Iko kwenye sifa. Watu wakianza kumgeukia na kunong'ona "yule ana hela," hataweza kunyamaza tena. Atapandisha mara moja zaidi ya mlivyopatana, nyundo itagonga, na utakuwa umejinunulia oveni yako mwenyewe, na ushuru wa dalali juu.

Kabla ya nyundo mtu anaruhusiwa kuliondoa dau lake, basi mwombe dalali asitafune maneno. Agonge mnunuzi akiwa bado anatabasamu.

8. Simu. Ukutani uliandika "Vinauzwa kama vilivyo, havirudishwi," lakini watapiga. Simu ya kwanza itaingia saa mbili usiku, barafu ikishakuwa maji. Usizime, kuzima ni kukiri. Pokea kwa furaha, uliza habari za watoto, kisha uliza kwa upole amelichomeka friza wapi. Akisema sebuleni, guna. Akisema dukani, guna zaidi. Mwambie ni umeme wake. Akiapa kwamba umeme wake hauna tatizo lolote, kwamba fundi ameupima na taa zinawaka mtaa mzima, usibishane naye: mwambie basi hapo ndipo penye shida, kwa sababu friza lile limezoea umeme wa Sinza.