Ombi la Kuhamia Nyumbani Kwetu

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Huduma za Uhamiaji, Nyayo House, Nairobi
Nakala: Mamlaka ya Afya ya Jamii

YAH: KIBALI CHA DARAJA LA N KWA MZALIWA WA LANGONI

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, naomba kuishi Kenya kama mhamaji wa kidijitali. Najua kuna kasoro katika ombi langu: nimezaliwa Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, na kitambulisho kinanishuhudia. Usinihukumu kwa hilo. Siku ile sikushauriwa.

Sifa nyingine zote ninazo. Kazi yangu ni kuchapa. Madaktari wa Marekani huzungumza kwenye vinasa sauti mchana wa kwao, nami usiku wa kwetu, punda wakishanyamaza, nageuza sauti zile kuwa maandishi. Mwajiri sijawahi kumtia machoni. Malipo huja kwa dola, na kila mkono yanaoupitia hujimegea kidogo. Nimechapa majina mengi ya bima za Wamarekani hata nayajua kuliko mitaa ya Mombasa. Najua ni mgonjwa gani aliyelipiwa upasuaji wa goti na yupi aliyekataliwa. Mimi mwenyewe nikishikwa na homa, nameza vidonge viwili na kuendelea kuchapa homa za wenzangu.

Nakumbuka vizuri wiki ya kwanza ya Oktoba 2024, kwa sababu taifa lilijifungua pacha. Tarehe 1 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilikalia kiti cha bima ya afya ya taifa, NHIF, ambayo tulikuwa nayo tangu 1966. Tarehe 2, kwenye maonyesho ya utalii jijini Nairobi, Rais akatangaza kibali cha wahamaji wa kidijitali. Nilifurahi mara mbili. Nilidhani pacha wote wawili wamezaliwa kwa ajili yangu. Kumbe yule wa tarehe 2 ana jicho la kuchagua: mtu akifanya kazi ya mtandao Langoni naye ametoka Berlin, ni mhamaji wa kidijitali. Akiifanya kazi hiyo hiyo naye ametoka Langoni, ni sekta isiyo rasmi.

Nisieleweke vibaya, wageni sina ugomvi nao. Mji huu umejengwa na waliokuja na pepo. Habib Swaleh mwenyewe alitoka Ngazija, akatujengea Msikiti wa Riyadha hapa hapa Langoni, na kila Maulidi tunapokea watu wa kila pwani bila kuuliza wamefuata upepo upi. Hata darini kwetu, chini ya makuti, tumempangisha kijana wa Kijerumani mwenye adabu zake. Tunatumia rauta moja, yeye na mimi. Umeme ukikatika tunalaani pamoja, kila mmoja kwa lugha yake.

Siku moja kijana huyu alikanyaga samaki aitwaye taa kwenye maji ya magoti. Maumivu ya mwiba wa taa anayajua aliyechomwa. Mama akamwingiza mguu kwenye karai la maji ya moto, kama tulivyofanyiwa sote utotoni. Naye kijana, machozi yakimtoka, akapiga simu kwa bima yake huko Ulaya. Kabla maji hayajapoa, mwanamke mwenye sauti laini alikuwa anauliza mgonjwa aletewe ndege au la. Ndege, Mheshimiwa! Mama alitaka kujua kama ndege ingekuja na karai lake.

Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama. Nilimkumbuka binamu yangu wa kisiwa cha Pate, aliyeshikwa na uchungu usiku, maji yakiwa yamepwa. Anayejua Pate anajua: maji yakipwa, boti haifiki mjini, utasubiri yajae. Jamaa walisubiri. Nahodha alikuwa tayari, petroli wamekwisha kuichangia, na hospitali ilikuwa pale pale ilipo. Bahari tu ndiyo haikuwa na haraka. Binamu alipona. Mtoto hatukumpata.

Tangu hapo nimeelewa kwamba mhamaji hanunui matibabu. Ananunua kuondolewa. Madaktari Warukao wa Amref wanaruka tangu 1957, na uwanja wa ndege wa Manda tunautazama kila siku ng'ambo ya mlango wa bahari. Hospitali ya kaunti nayo iko upande wetu wa mji, napita kwa miguu. Ugonjwa mkubwa wa visiwani ni kile kipande cha katikati, baina ya kitanda cha mgonjwa na kitanda cha hospitali, na kipande hicho kina chumvi. Nakala ya barua hii ikiwafikia wa Afya ya Jamii, naomba wanisaidie jambo moja: safari ya mgonjwa kwa boti mnaihesabu kwa kilomita, kwa lita, au kwa kalenda ya mwezi mchanga?

Nisingewasumbua kama ningekuwa na utulivu wa kujaza fomu zao. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, mambo yakaisha. Sisi wa sekta isiyo rasmi hukadiriwa kwanza: kuta za nyumba, paa, choo. Nyumba yetu ina kuta za mawe ya matumbawe unene wa dhiraa, boriti za mikoko na mlango wa nakshi aliouacha babu wa babu. Kwa makadirio yoyote, sisi ni masultani. Ukitaka kujua usultani wetu, njoo msimu wa mvua na ndoo. Na kama mnahesabu mifugo, punda mmoja tunaye, ila naomba asiandikwe kama mali. Ndiye ambulensi. Baada ya makadirio, mchango wa mwaka mzima hutakiwa kwa mkupuo, na asiyeweza ameandaliwa mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole. Jina limetulia. Laiti na uchungu wa uzazi ungelisoma.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamtaka mgeni wa chini ya miezi 12 awe na bima ya safari, na anayezidi hapo ajiandikishe kama sisi. Basi nipeni ugeni. Kila miezi kumi na mmoja ikitimia nitafunga mizigo, nivuke Manda kwa boti ya abiria, nilale huko usiku mmoja na mbu, asubuhi nirudi nikishangaa kila kitu. Nitapiga picha punda. Nitauliza bei ya samaki mara mbili, nilipe ya kwanza.

Wako mtiifu,
Mchapaji, Langoni

Tanbihi: Kijana amerudi kwao. Ameniachia rauta, feni na shuka mbili, na bima yake ilikuwa na miezi minne mbele. Nikapiga ile nambari kuuliza kama nayo hurithiwa. Kabla sijaeleza shida, yule mwenye sauti laini akauliza niko umbali gani na uwanja wa ndege. Nikamwambia hapo ng'ambo tu, nikiwa darini naziona ndege zikitua. Akasema vizuri sana, sasa nimtajie nambari ya uanachama.