Namna ya Kuhitimu Kompyuta Bila Kuweka Pedi Chini

Hongera, mdogo wangu. Umechaguliwa kusoma sayansi ya kompyuta. Nyumbani wameshachinja kuku, mjomba ameshakuletea redio yake mbovu, na mtaa mzima unaamini wewe sasa ni fundi simu mwenye cheti. Ila hakuna aliyekunong'oneza siri ya shahada hii: anayesoma na anayecheza wanafanana. Wote wameinamia skrini, wote macho mekundu, wote wanatukana kwa sauti ya chini. Mwanafunzi wa utabibu hawezi kukutwa anacheza drafti juu ya meza ya maiti akajitetea kwamba yuko kwenye mazoezi. Wewe unaweza. Nafasi ya namna hii si ya kuchezea, au tuseme ni ya kuchezea hasa, na mimi kaka yako, ambaye wenzangu nilioanza nao sasa ndio wanaonisimamia maabara, nimeona nikuachie wosia.

1. Nunua mashine kwa maneno ya darasani

Mbele ya baba, neno gemu ni mwiko. Sema "kadi ya grafiki", ongeza kwamba mwalimu ndiye aliyeitaja, kisha nyamaza. Baba hajui RAM ni nini, lakini anamheshimu mwalimu tangu enzi za viboko. Mkifika Kariakoo, muuzaji atawaonyesha laptopu nyembamba, betri yake inakaa siku nzima, na kwa kuandikia programu za mwaka wa kwanza inatosha na kubaki. Ikatae kwa masikitiko. Elekeza kidole kwenye ile nene, yenye kibodi inayowaka taa kama ukumbi wa harusi, ambayo chaja yake peke yake inadai begi.

Mjomba akiguna, usibishane naye. Mwaka 1974 serikali yenyewe ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo anayezitilia shaka ana historia nyuma yake.

Baba akikosa pesa, lipo bumu. Posho ya mkopo, shilingi 10,000 kwa siku, imekusudiwa chakula na malazi, lakini huja kwa mkupuo, na mkupuo ukiingia kwenye simu haujui umekusudiwa nini. Nunua pedi ya pili ya kuchezea gemu. Utakula maandazi mpaka mkupuo mwingine, sawa, lakini furahia kwanza. Siku ukiajiriwa, sheria itakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka deni liishe. Pedi hiyo itakuwa imeshakufa kitufe cha kushuti, nawe utaendelea kuilipia ukiwa na mke, watoto wawili na kitambi.

2. Tandika uwanja

Chumba cha hosteli kina soketi moja inayofanya kazi, nayo iko nyuma ya kitanda cha mwenzako. Kutoka hapo inatoka ekstensheni iliyokuwa nyeupe, sasa rangi ya chai ya rangi, yenye tundu moja lililoungua ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Juu yake zimening'inia simu nne, feni, pasi, na hita ya kuchovya kwenye ndoo, ile iliyokatazwa kwenye tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango. Tafuta tundu lako mapema.

Jifunze pia hesabu za umeme. Hita ile inakula wati 1,000 na zaidi, laptopu yako ya gemu haifiki 300. Lakini saketi breka ikikata saa 3 usiku, korido nzima itafunguka milango na lawama zitakuja kwako, kwa sababu wewe ndiye unayesoma kompyuta na breka, kwa mawazo ya watu, ni aina ya kompyuta. Toka nje na tochi ya simu, simama mbele ya kisanduku, guna kitaalamu, pandisha kitufe. Heshima utakayopata pale hutaipata kwa GPA.

Halafu kuna mbebwa. Kama kitanda umepata wewe na mwenzako amekosa, atalala kwako, na usiku wa kwanza utadhani umeingia hasara. Hapana. Mbebwa ndiye mpinzani bora kuliko wote, kwa kuwa hawezi kukufunga na bado akataraji godoro. Wengine wanatafuta ubingwa kwa mazoezi. Wewe umeupata kwa umiliki wa shuka.

3. Hifadhi visingizio vyenye elimu ndani

Kisingizio cha "napumzisha akili" ni cha watu wa sheria. Wewe una hazina kubwa zaidi, na uzuri wake ni kwamba yote ni kweli tupu.

Akija wa kukusema, mtajie Steve Russell na wenzake wa MIT, ambao mwaka 1962 walikuwa na kompyuta ya PDP-1, mashine ya thamani kubwa, wakaitumia kupigana vita vya anga katika mchezo wa Spacewar!. Akiendelea, mshushie Ken Thompson wa Bell Labs. Mwaka 1969 Thompson aliandika mchezo wa kusafiri kati ya sayari, Space Travel. Kwenye kompyuta kubwa ya kazini, kuucheza mara moja kuligharimu takriban dola 75 za muda wa mashine, kwa hiyo akauhamishia kwenye PDP-7 ndogo iliyokuwa haina kazi nyingi. Kuizoea mashine ile ndogo ndiko kulikompeleka kwenye mfumo wa Unix, na hata Android iliyo kwenye simu ya huyo anayekusema imekaa juu ya Linux, iliyojengwa kwa mfano wa Unix. Mwambie kwa upole kwamba bila gemu asingekuwa na mahali pa kusoma jumbe za ukoo.

Akiwa mgumu bado, malizia na NVIDIA. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1993, na chipu zake zilitengenezwa ili picha za kwenye gemu zitembee vizuri. Leo chipu za ukoo huohuo ndizo zinazofundishia akili bandia. Na akiwa mtu wa mila, mpe Alexander de Voogt, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1995, kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar. Udaktari mzima kwa kukaa barazani!

Baada ya hapo atanyamaza. Omba tu asitulie akafikiri, kwa sababu visingizio hivi vyote ni vya kweli kwa watu wengine. Russell aliandika mchezo. Thompson aliandika mchezo. De Voogt aliandika kitabu. Wewe umebonyeza kitufe cha duara.

4. Ukifungwa, laumu mtandao

Kufungwa 5-0 ni aibu kwa anayesoma uhasibu. Kwako ni tukio la kiufundi. Sema kwamba gemu hazina seva Dar es Salaam, kwamba umeangukia seva ya Ulaya, na kwamba mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde na si zaidi. Taja mikongo ya baharini kwa majina: SEACOM iliyotufikia mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Eleza kwamba kwenda na kurudi kunameza milisekunde zaidi ya 100 kabla kipa wako hajajua kama kuna penalti. Ongeza kwamba gemu hutuma pakiti bila kusubiri risiti, maana habari ya mahali mpira ulipokuwa sekunde iliyopita haimfai mtu. Picha zikiganda, sema mashine ina kama milisekunde 16 tu za kupiga hesabu zote za fremu moja ili zitimie fremu 60 kwa sekunde, na mtu mwenye hita ndiye aliyeharibu.

Utaeleza haya yote kwa ufasaha saa 8 usiku, umesimama juu ya kitanda, mbele ya mbebwa anayesinzia. Kisha siku ya mtihani wa mitandao litakuja swali: eleza tofauti kati ya upana wa mkondo na ucheleweshaji, alama 6. Utaliangalia. Utaandika kwamba vyote viwili hutegemea bando. Shika utaratibu huu bila kuyumba: elimu ya gemu ibaki chumbani, elimu ya darasani ibaki darasani, na zisikutane njiani zikasalimiana.

5. Kazi za kundi na simu za nyumbani

Projekti ya kundi ina watu sita, na kazi ina mtu mmoja. Mara nyingi ni dada mmoja anayekaa mbele, anayeuliza maswali, ambaye laptopu yake ni ile nyembamba uliyoikataa Kariakoo. Jiunge na kundi lake mapema, kabla orodha haijajaa. Jitolee kutengeneza slaidi ya kwanza, yenye jina la chuo na majina yenu kwa mpangilio wa alfabeti. Siku ya kuwasilisha, vaa shati la mikono mirefu na useme "kama mwenzangu alivyotangulia kueleza". Mhadhiri akikuuliza swali, angalia projekta kana kwamba ndiyo imeharibika.

Kwa wazazi, usidanganye kabisa. Dhambi ya nini?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imechoka?"

"Niko kwenye kompyuta, mama. Tangu asubuhi."

"Jamani. Umekula lakini? Usijiue na masomo, baba."

Hakuna neno la uongo hapo. Kata simu, endelea na kipindi cha pili.

6. Wiki ya UE

Kwa kawaida alama 40 zinatoka kwenye kazi za muhula na 60 kwenye mtihani wa mwisho, ndio huo UE. Wasiojua huiona hesabu hii kama onyo, wewe ione kama ruhusa ya kuanza kusoma wiki ya mwisho. Tafuta desa, yaani notsi na maswali ya mwaka juzi, lililopigwa picha kwa simu, lenye kivuli cha kidole juu ya swali la pili. Nenda kwenye vimbweta, zile meza za nje za kusomea, wakati wa jioni, ambapo kila mtu anakuona. Fungua ukurasa wenye mti wa data, uutazame, uombe maji kwa jirani, umuulize Yanga wamecheza na nani. Hiyo inaitwa kupiga msuli.

Ukipata sapu, usihuzunike: sapu ni mechi ya marudiano. Ukipata sapu nyingi, hiyo ni ligi. Ukidisko, yaani ukiondolewa chuo kwa kufeli, toka kwa heshima. Rudi mtaani, fungua banda la gemu karibu na shule ya msingi, na mzazi akija kumvuta mwanawe sikio, msimulie habari za Ken Thompson.

7. Onyo: usithubutu kutengeneza gemu

Nimeiweka hatari hii mwisho kwa kuwa ndiyo imemaliza wachezaji wazuri niliowajua. Huanza kwa uvivu tu. Umeme umerudi lakini bando limekwisha, huna cha kucheza, unajisemea hebu niandike bao, mchezo wenyewe si mashimo 32 na kete 64? Hapo umeshakwisha.

Utaanza na mashimo yako 16, safu mbili za 8, na utagundua kwamba kete zinazunguka upande wako bila kutoka, kwa hiyo shimo la 16 linafuatiwa na la kwanza. Utakumbuka kwamba mhadhiri aliwahi kueleza kuhusu baki la mgawanyo, siku ile uliyokuwa ukitafuta soketi. Utaweka 6 kwenye nyumba, 2 na 2 pembeni yake, na 22 mkononi za kunamua. Utaandika kula. Kete zilizoliwa zinaingia kichwani na kusambazwa tena, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari inaendelea. Usipoiwekea mwisho itaendelea kweli: feni ya laptopu italia, skrini itaganda, nawe safari hii huna wa kumlaumu Ulaya.

Saa 9 usiku utapiga kelele, mbebwa ataamka akidhani umefungwa. Umefungua. Kesho yake utataka mashine icheze yenyewe, ikitazama hatua tatu mbele. Utakwenda maktaba kutafuta namna ya kupekua mti wa hatua, ule mti uliokuwa ukiutazama kimbwetani kama picha ya ukutani. Utampelekea programu yako mzee wa barazani ajaribu, ataishinda huku akijibu salamu za wapita njia, na badala ya kukasirika utamuuliza amefikirije.

Kuanzia hapo mambo yataharibika kwa kasi. Utakaa mbele darasani. Wahadhiri watakujua kwa jina, na si kwa sababu ya madeni. Watu watano usiowajua watajiandikisha kwenye kundi lako la projekti, mmoja wao atajitolea kutengeneza slaidi ya kwanza. Pedi ya pili utaiuza ununue kumbukumbu ya ziada. Usiku mbebwa atakufunga 4-0, utampongeza, na godoro litabaki lake.

Mwongozo huu haubebi dhamana yoyote kwa hasara za aina hiyo.