Ufugaji Bora wa Funza

Mzazi mwenzangu, kama huna mtaji wa ng'ombe wala wa kuku wa kisasa, mguu wa mwanao unatosha. Funza hataki banda, hali pumba, hamdai mtu chanjo. Anachotaka ni mtoto anayetembea peku na nyumba ya sakafu ya udongo, iliyokauka ikawa vumbi.

Sakafu ndiyo shamba, basi itunze. Usinyunyize maji kabla ya kufagia, na uvunguni usiguse kabisa, maana huko ndiko viluwiluwi wake wanakokulia. Mtu akikushauri upige saruji, huyo hakutakii mema. Mbwa na mbuzi walale chumba kimoja na watoto, kwani funza hana ubaguzi. Nguruwe ukimpata, mradi umeshika kasi.

Anayenona ni jike. Huingia akiwa mdogo kama kiroboto, ambaye kwa kweli ni ndugu yake, akajichimbia pembeni mwa ukucha au kisiginoni, na kwa wiki moja hivi akavimba kufikia ukubwa wa njegere. Nje hubaki kitone cheusi tu. Hapo ndipo anapopumulia, anapojisaidia na anapotolea mayai, huduma zote dirisha moja. Mayai hupita mia, nayo hudondoka kila mtoto apitapo: kitandani, jikoni, darasani. Mzoefu wa safari huyu. Inasemekana alivuka Atlantiki kutoka Brazil mwaka 1872 kwa meli iliyotia nanga Angola, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshafika pwani yetu, bara zima kwa miguu ya wengine, bila nauli.

Mtoto akijikuna usiku, mwambie anadeka. Akianza kukanyagia visigino, mcheke, na majirani wasikie. Hatua hii wengi huidharau, kumbe ndiyo inayobeba mradi wote: mtoto akishabandikwa jina la utani hatamwonyesha mguu mwalimu wala muuguzi, wala hatakuonyesha wewe, na mifugo itanona kwa amani.

Siku ya mavuno, pini moja itumike kwa familia nzima, ikisafishwa kwa kupanguswa kwenye kanga. Mkiisha kuchangia pini mtakuwa mmechangia pia virusi vya homa ya ini, na huenda vya UKIMWI. Funza akikatikia ndani, kidonda kitatunga usaha. Kisha paka mafuta ya taa ili ngozi ya mtoto iungue vizuri. Pepopunda hupenda vidonda vya namna hiyo.

Jihadhari na wahudumu wa afya. Wana mafuta ya dimetikoni, yasiyochokoa wala kukata: hupakwa juu ya kile kitone, funza akakosa pumzi akafa, na ngozi ikamsukuma nje yenyewe. Watataka miguu ioshwe kwa sabuni kila jioni, ikaushwe, ikaguliwe kidole kwa kidole, mtoto avae viatu na apate chanjo ya pepopunda. Wakibisha hodi, funga mlango.

Aliyechoka na ufugaji awafungulie, ila atibu watoto wote, wanyama na sakafu kwa pamoja. Ukitibu miguu ukaacha vumbi, baada ya wiki chache mifugo itakuwa imerudi.