Hongera kwa Kuikunja Nchi

Kwa Mkuu wa Masijala ya Ardhi,
Wilaya unayoijua mwenyewe.

YAH: PONGEZI KWA UTUNZAJI WA RAMANI KUBWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, tulikuja ofisini kwako kutazama ramani ya zamani ya mipaka, tukaondoka na somo la hesabu. Karatasi ya A0 ina milimita 841 kwa 1,189. Faili lako ni la A4. Mtu mfujaji angeagiza kabati la droo pana, ramani ikalala imenyooka. Wewe uliikunja mara nne tu, zikapatikana kurasa 16, faili likafungika. Nani tena atasema serikali haibani matumizi?

Msaidizi wako alipoifungua, mpaka wa vijiji vyetu viwili ulikuwa umepita palepale kwenye mkunjo. Mkunjo umepasuka, mpaka umekwenda na vumbi. Mwenye huruma mmoja aliziba pengo kwa selotepu. Gundi yake sasa ina rangi ya chai ya mkandaa na imeyala majina ya vitongoji vitatu. Mchwa nao wamejichukulia kona ya kusini bila kibali cha kijiji.

Daftari lako ndilo lililotufurahisha zaidi. Limeandikwa: "Ramani kubwa, 1." Hakuna mwaka, skeli, jina la mpima wala la eneo. Usiwaige Wajerumani. Walituchora ili watutawale vizuri, lakini Paul Sprigade na Max Moisel kule Berlin, waliposimamia ramani za koloni lao la Afrika Mashariki za skeli ya 1:300,000, walikuwa na tabia ya kuipa kila karatasi alama yake. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuagiza karatasi moja anayoitaka akaletewa hiyohiyo. Sisi kwako tuliletewa kwanza mchoro wa bomba la maji.

Au pengine umeona mbali kuliko sisi. Botswana na Namibia zilipogombea kisiwa cha Kasikili, au Sedudu, katika mto Chobe, zilipeleka ramani nyingi mahakamani The Hague. Hukumu ya 1999 ilisema ramani hizo hazieleweki wala hazipatani kiasi cha kutegemewa. Ya kwako haitapata fedheha hiyo: ramani isiyosomeka haigombani na nyingine.

Hata hivyo, shauri letu la mpaka bado liko kwenye baraza, na wazee walioujua mpaka kwa miguu wanazidi kupungua. Tunaomba ramani isikunjwe tena, na selotepu isiongezwe. Aliyependekeza inyooshwe kwa pasi azuiwe. Karatasi kavu hulainishwa kwanza kwa unyevu kidogo kidogo, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Nyuma ya ramani yaandikwe kwa penseli laini mwaka, skeli na eneo, kisha yaingizwe daftarini. Droo tutachangishana, fundi seremala tunaye.

Naomba kuwasilisha.