Silva Ina Wenyewe

Wenye magari meupe hawana habari. Bodaboda akikuparuza, unanunua kikopo cha nyeupe, unapaka, unaenda zako kazini. Corolla yangu ni silva, na silva si rangi, ni kesi. Ndani yake mna vichembe vya alumini. Ukipulizia kwa kompresa vinalala hivi, ukipaka kwa brashi vinalala vile, basi mlango huohuo ukiutazama kwa mbele ni kijivu, ukienda nyuma ni maji ya mchele.

Fundi wangu wa Gerezani alianza kisomi. Alifungua boneti, akafuta grisi kwenye kibati cha kiwandani, akasoma: 1C0. "Bosi, kwa namba hii hata Mjapani mwenyewe hatajua kama paliguswa." Akapiga msasa wa maji, praima, rangi, klia. Na kweli, silva iliyotoka ndiyo ileile iliyotoka kiwandani mwaka 2001. Tatizo ni kwamba gari lenyewe tangu hapo limeanikwa kwenye jua la Dar, klia ya juu imebabuka, na ndege wa kwenye mwembe wa Tabata wamekwisha litia sahihi zao. Kile kiraka kiling'aa mlangoni kama bwana harusi katikati ya wapagazi.

"Namba inadanganya," fundi akageuza maneno bila hata kukohoa. "Sasa tunafuata jicho." Akafungua kifuniko cha tenki, akampa kijana akimbie nacho duka la rangi wakachanganye kwa sampuli. Kule ni tone la nyeusi, koroga kwa kijiti, dondoshea kwenye kifuniko, toka nje juani, kunja uso, rudi ndani, tone la nyeupe.

Huku nyuma mimi naendesha tenki likiwa kifua wazi. Makonda wa daladala, watu wasionipa njia hata siku moja, wote walinihurumia: "Mzee, tenki!" Sheli moja kijana wa pampu alinikagua kwa jicho la mtu anayekumbuka aliyewahi kukimbia bila kulipa. Trafiki ndiye aliyenimaliza. Alisoma kadi ya gari, akalizunguka taratibu, akarudi dirishani.

"Hapa pameandikwa silva."

"Ndiyo, afande."

"Ipi kati ya hizi?"

Kifuniko kilirudi kina madoa ya silva za kila ukoo, hakuna hata moja inayofanana na mlango, wala kiraka, wala kifuniko chenyewe. Fundi alirudi nyuma hatua kadhaa, akashika kiuno, akatikisa kichwa kwa masikitiko kana kwamba kazi ilifanywa na mtu mwingine.

"Bosi, dawa hapa ni kupiga gari zima."

Akataja bei. Nikamuuliza ule mkwaruzo wa bodaboda, kuurudisha kama ulivyokuwa, atanifanyia kwa shilingi ngapi.