Kreyoni Zisubiri Mtaala

Mzazi makini wa Nairobi anayemsomesha mwanawe nyumbani hakurupuki. Mtoto ana miaka minne na hajachora hata duara, kwa kuwa programu ya sanaa bado inachaguliwa. Ya Marekani imepangwa kwa wiki 36. Nyingine inaanza na Monet. Ni busara tupu: kreyoni bila mtaala huzaa ng'ombe wa kijani, na nani atamsahihisha?

Tazama yaliyompata Edward Saidi Tingatinga. Mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, bila silabasi wala somo la majaribio. Hasara yake hadi leo haijaisha: watalii bado wananunua picha za wafuasi wake.

Nyanya naye amekuja kutembea, na mkonge wake wa kusukia vyondo. Mistari ya rangi anaipanga kichwani. Ameombwa kwa heshima asimwoneshe mjukuu chochote, maana hana cheti.

Wazazi ambao watoto wao wameshaanza kuchora bila idhini wanashauriwa kuficha kreyoni hadi malipo yathibitishwe.